Kufuli Nililotia Msikitini

Feza mwanangu, mama yangu mdogo,

Swala ya alasiri imeisha sasa hivi na jua bado liko juu. Wewe na mama yako mko chumbani mnabishania sanduku, nawasikia kupitia ukuta. Yeye anataka ubebe ile sufuria ndogo yenye mpini uliofungwa waya, wewe unasema hata Mwene-Ditu watu wanapika. Mimi nimekaa ukumbini, nimechana karatasi za katikati kwenye daftari la safari za gari, naandika. Kuna jambo ambalo mdomo wangu umekataa kulisema kwa miaka kumi na moja, na kesho ukishapanda treni nitakuwa nimechelewa. Unakwenda kuolewa na Musa, katika nyumba ya baba yake, Tata Isa. Katika nyumba hiyo jambo hili wanalijua. Sitaki ulisikie kule, ukiwa mgeni, umeshika sahani za watu.

Mambo ya safari nayaacha. Mama yako amekwishakuambia usisinzie Kamina na usimpe mtu mfuko wako akushikie. Hayo yote aliyatoa kwangu.

Unanijua. Mtaa mzima unanijua. Watoto wananiita Tata Kadena, yaani Baba Kufuli, kwa sababu sukari yangu ina kufuli, redio ina kufuli, na tangi la gari lina mawili. Mafuta nayanusa kabla sijalipa. Unga wa muhogo wa Sandoa nauonja kwa ncha ya ulimi, nisije nikauziwa chokaa. Wajumbe wa posa yako walipoleta mbuzi, nilimfungua mdomo nikamtazama meno mbele yao. Musa nilimwuliza jina la bibi yake mzaa baba mara tatu, mwanzo wa mazungumzo, katikati, na wakati anavaa viatu, nione kama jibu litabadilika. Halikubadilika. Wewe ulilia kwa aibu nyuma ya pazia, nami nilijifanya sikusikia. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kufuli langu la kwanza nililinunua la nini.

Nililinunua la msikiti.

Wewe unaukumbuka ule msikiti kwa moshi wake tu, ulikuwa na miaka minane. Acha nikuambie ulivyokuwa kabla ya moshi. Babu yangu na wenzake walioshuka kutoka Kasongo waliujenga kwa matofali ya udongo wa kichuguu, ule mwekundu mgumu ambao hata mvua ya Desemba hauiogopi. Katika mji huu ulioletwa na shaba, ambapo kila kitu kilijengwa na kampuni na kuandikwa namba, msikiti ulikuwa kitu pekee tulichokijenga wenyewe. Ndani ya kibla, juu kidogo ya kichwa cha imamu, kulikuwa na jiwe. Jeupe, kubwa kama mkate wa familia, limechongwa ua la majani manane. Halikuwa jiwe la huku. Lilitoka pwani, kwenye msikiti uliokuwa na mamia ya miaka na ambao vita vya zamani viliuacha magofu. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi wa msafara. Aliliokota chini, akalificha katikati ya mzigo wa shanga, akalibeba kwa kichwa mpaka Kasongo. Babu yangu akalitoa Kasongo akalileta hapa.

Bila shaka nililitilia shaka. Nani anabeba jiwe miezi yote hiyo kwa miguu? Nikiwa mtoto nilipanda mabegani kwa rafiki yangu, nikalilamba. Lilikuwa na chumvi. Tangu siku hiyo niliamini kuwa bahari ipo.

Rafiki aliyenibeba mabegani ndiye Isa. Wakati huo alikuwa bado hajasilimu. Alikuwa mtoto wa fundi umeme wa mgodini, watu wa Kasai, lakini yeye alizaliwa hapa Kolwezi kama mimi, mkunga mmoja. Alisilimu akiwa kijana, akawa mwadhini wetu. Ukuta wa kaskazini ulipoanguka, ni yeye aliyekwenda kuchimba kichuguu na kufyatua matofali, mwezi mzima, jioni baada ya kazi.

Na mlango wa msikiti huo haukufungwa. Sisemi kwamba ulifungwa mara chache. Haukuwa hata na mahali pa kutia kufuli. Ilikuwa desturi ya wazee wetu, kwa kuwa wengi tulikuwa watu wa magari na biashara. Dereva akifika kutoka Dilolo au Kisenge, awe Mwislamu awe Mkatoliki, anasukuma mlango, analala kwenye mkeka, mizigo yake anaiacha barazani. Asubuhi anaikuta. Hata mwizi wa Kolwezi alijua pale si pa kuiba.

Kisha kampuni ikaanguka. Mishahara ikakatika, mabomba yakakauka, baba za watu wakaanza kuuza milango ya nyumba zao. Na watu wakiwa na njaa hutafuta wa kumlaumu. Wakubwa walisema kwenye mikutano kwamba watu wa Kasai ndio waliokula nafasi zetu. Vijana wakaanza kupita nyumba kwa nyumba na filimbi na matawi ya miti, wakiwaita bilulu, wadudu. Walikuwa vijana wa hapahapa, wengine walinisukumia gari likikwama. Familia zikatolewa na magodoro yao mpaka stesheni, zikakaa pale wiki nyingi chini ya maturubai zikingoja treni. Watoto wakaanza kuzikwa kandokando ya reli.

Mimi niliogopa, Feza. Naliandika neno lenyewe kwa sababu miaka yote hii nimeliita busara. Niliona wanavyohesabu nani ni wa hapa na nani ni wa kuja, na sisi wa Kasongo si wa hapa. Nilijiambia: leo ni wale, kesho ni sisi. Basi nikaanza kumtazama Isa kwa jicho jingine. Akinisalimu nawaza anataka nini. Akinyamaza nawaza anaficha nini. Nilikuwa na methali yangu niliyoipenda, kikulacho ki nguoni mwako, na nikaivaa asubuhi mpaka jioni.

Alikuja kwangu siku ya Jumatano, saa za mchana, nikiwa chini ya gari nabadilisha mafuta. Alichuchumaa.

"Tata Ramazani, siku tatu tu. Muke yangu na batoto balale mu musikiti. Treni ikikuya, tunaenda. Ku gare ya treni mvua inatupiga, na ule mutoto wa mwisho anakohoa."

Sikutoka chini ya gari. Nilisema, "Nitaona, Tata Isa. Acha kwanza nifikiri."

Nilifikiri hivi: akiwaleta watoto wake, wengine watafuata, msikiti utajaa, vijana watakuja, na mimi niliyeachiwa ulinzi wa msikiti na wazee ndiye nitakayeulizwa. Nikafikiri tena: labda anataka kuficha humo vitu vya watu. Sikuwa na sababu yoyote ya kuwaza hivyo. Nilikwenda sokoni, nikanunua kufuli kubwa kuliko yote, nikamwita seremala akapigilia vyuma vya kulishika. Waliouliza niliwaambia nalinda msikiti dhidi ya waporaji. Wakanisifu.

Isa alifika kuadhini magharibi akalikuta. Nilikuwa nimesimama pale, nikijifanya nafagia. Alilishika kufuli, akalipima uzito kwenye kiganja, akaliachia.

"Ule mulango haiyafungwaka hata siku moja, tangu mi mutoto," alisema. "Bale bavijana bakiona kadena batasema nini, Tata Ramazani? Batasema kuko bantu mu ndani."

Nikamwambia asinifundishe kazi. Aliadhini palepale kwenye ngazi, nje. Tuliswali uani, juu ya kokoto, msikiti mtupu umefungwa nyuma yetu. Baada ya salamu akaondoka kurudi stesheni kwa watoto wake.

Vijana walikuja kesho yake baada ya adhuhuri. Walikuwa wamepita hapo siku nyingi bila kuutazama, maana mlango ulikuwa wazi na ndani palionekana mikeka tu. Siku hiyo wakasimama. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, kati ya watu.

"Nani alitia kadena?" mmoja alipiga kelele. "Kuko bilulu mu ndani! Nani iko na funguo?"

Ufunguo ulikuwa katika mfuko wa shati langu. Mfuko wa kushoto. Nilikuwa nimeuwekea mkono juu kama mtu anayeumwa na moyo. Ningesema maneno manne tu: funguo hii hapa, tazameni. Wangefungua, wangekuta mikeka, sanduku la misahafu na jiwe, wangekwenda zao. Lakini niliwaza: wakijua ni mimi niliyefunga watauliza kwa nini, na watauliza mimi ni wa wapi. Nikakaa kimya. Walileta petroli ndani ya dumu. Niliijua kwa harufu kutoka pale nilipokuwa kwamba ni safi, haikuchanganywa. Ndivyo nilivyo, mwanangu. Hata saa ile pua yangu ilikuwa inakagua mafuta.

Msikiti uliteketea mpaka saa kumi na moja. Hapakuwa na mtu ndani. Kuta za kichuguu zilisimama, lakini paa lilipoanguka ziliegemeana, na mvua ya wiki hiyo ikamaliza kazi.

Siku ya pili nilikwenda kutazama. Mahali pa jiwe palikuwa na shimo. Na hapo, Feza, nilifanya jambo baya kuliko yale mawili ya kwanza. Niliposikia treni imeondoka na kina Isa wamo, juu ya mabehewa ya wazi, nilisema mbele ya watu: Isa amelichukua. Nikaongeza: labda hata moto ni yeye aliyewaelekeza, kwa uchungu. Nililisema mara moja, watu wakalichukua, na mimi nikaliacha litembee. Wewe umekua ukilisikia humu ndani. Musa alipokuja mara ya kwanza na magunia yake ya mahindi, ulinijia kwa siri ukaniuliza: "Baba, ni kweli baba yake aliiba?" Nikakujibu: "Watu ndivyo wanavyosema." Nilikuwa mimi hao watu.

Sasa nikueleze la jana, maana bila la jana nisingekuandikia.

Unakumbuka kwamba wajumbe wa posa walileta kifurushi, kimeshonewa ndani ya kipande cha mkeka, wakasema ni cha mkono wangu mwenyewe kutoka kwa Tata Isa. Wewe ulidhani ni kitambaa. Mimi nilikipima kwa mkono nikaona ni kizito, nikajua ni dawa. Nilijua ameningoja miaka yote ili aniroge kwa mkono wa harusi. Sikukitupa, kwa kuogopa kitanifuata, wala sikukifungua. Nilikiweka bohari, chini ya gunia la makaa, nikalifunga bohari. Miezi mitatu nilipita mbali na mlango ule.

Jana mama yako alinidai ufunguo wa bohari achukue makaa ya kupikia chakula chako cha kuagwa. Alipokiona kifurushi alikitoa uani na kukiweka mbele yangu.

"Baba Feza, miezi tatu unaogopa kitu ya bakwe?" alisema. "Fungula, ao mi nitafungula."

"Hujui kilichomo," nilimwambia.

"Na weye unajua?"

Nilikata uzi kwa kisu. Lilikuwa jiwe. Upande mmoja umeungua ukawa mweusi, jani moja la ua limevunjika, manane sasa ni saba. Kulikuwa na karatasi: "Tata Ramazani, hii ni jiwe ya bankambo, ba babu benu. Niliiokota mu majivu, juu bale bavijana basiipasue. Siku mutajenga tena, musitie kadena. Isa."

Nimeisoma mara tatu nikitafuta mtego. Nimeigeuza, nikaitazama kwenye jua. Hakuna kitu. Nikainua lile jiwe, mbele ya mama yako, mtu mzima na mvi zangu, nikalilamba. Bado lina chumvi. Nikalia mpaka nikakaa chini kwenye makaa.

Ndipo mama yako aliponiambia la kwake. Unalijua wewe, mimi sikulijua. Wiki zile za stesheni, alikuwa akisonga bukari, yaani ugali, nyingi kuliko tunayokula, na unga ulipopungua nikamshuku msaidizi wangu wa gari, nikamfukuza, nikafunga unga. Yule kijana hakuwa ameiba hata kiganja. Mama yako alikuwa akiazima unga kwa majirani na kuwapelekea kina Isa chakula chini ya maturubai, na wewe ulikuwa ukitembea nyuma yake umebeba mboga kwenye sufuria ndogo. Ile sufuria. Mpini uliungua pale stesheni, Isa akaufunga waya. Miaka kumi na moja mmekaa nami katika nyumba hii mmenificha, na mimi, Tata Kadena, ninayeonja unga na kuhesabu vipande vya sabuni, sikuona. Nilikuwa nashuku kila kitu isipokuwa kile kilichokuwepo. Nimecheka na kulia kwa wakati mmoja.

Basi usifikiri unapokelewa kule kwa ajili ya jina langu. Unapokelewa kwa ajili ya sufuria ile. Ibebe, usibishane na mama yako.

Sitakuambia uwaamini watu. Sijui namna ya kufanya hivyo, na mtu asifundishe asichokijua. Wapo waongo, na mafuta mengine kweli yana maji. Ninachokijua ni hiki kimoja: kila nilipofunga kitu, nilidhani namzuia mtu fulani asiingie, na mara zote aliyekuwa nje alikuwa ni mtu aliyenibeba mabegani. Siku moja Musa atachelewa kurudi, na mkono wako utakwenda kwenye mifuko ya koti lake. Huo ni mkono wangu, nimekurithisha. Ukiuona, umwulize yeye kwa mdomo. Mdomo ukiuliza na jibu likiwa baya, angalau utakuwa umelisikia jibu. Mimi nilijijibu mwenyewe miaka yote, na kila mara nilikubaliana nami.

Nakuomba jambo moja, na si dogo. Ukifika, ukishasalimu, kabla hujapewa maji, mwambie Tata Isa mbele ya mkewe na wanawe na majirani watakaokuja kumwona bibi harusi: "Baba anasema, ni mi nilifunga, na funguo ilikuwa mu mufuko yangu." Liseme hivyohivyo, kama mimi Ramazani ndiye ninayesema, usilipambe. Hapa Kolwezi nitalisema mwenyewe kesho, baada ya swala ya Ijumaa, katika chumba tulichokodi kuswalia, mbele ya wote niliowaambia lile jingine. Na mvua zikiisha nitakuja Mwene-Ditu kwa miguu yangu kusimama mbele yake. Lakini najijua. Mvua zikiisha nitasema gari linahitaji springi. Ndiyo maana nataka litangulie kufika kwa kinywa chako, nisiwe na njia ya kurudi nyuma.

Labda utakasirika. Labda baada ya kusoma hutataka nikusindikize stesheni, stesheni ileile ambayo sikwenda wao walipokuwa pale. Una haki. Sitakushuku kwa hilo.

Nilitaka kuitia barua hii chini ya nguo zako uisome njiani, ukiwa mbali, nisione uso wako. Halafu nikajiuliza nani atakayeamka alfajiri kuitoa, nikajua ni mimi. Kwa hiyo sasa hivi, wino ukiwa bado mbichi, namwita mama yako aje aichukue akupe mkononi.

Jiwe liko hapa mezani mbele yangu. Geti nimelifungua, kabati la sukari nimelifungua, bohari liko wazi, na mlango kati yako na mimi nimeuegemeza kwa kiti usijifunge kwa upepo. Soma taratibu. Ukimaliza, utanikuta nimekaa hapahapa.

Baba yako,
Ramazani